Poza miguu kwanza: kuotesha vipandikizi vya asumini kwenye joto la Mtwara

Novemba ya mwaka juzi nilipoteza vipandikizi 80 vya asumini ndani ya wiki mbili. Juu vilikuwa na majani ya kijani yanayong'aa, mpaka jirani mmoja akapita uani akanipa hongera. Siku ya kumi na nne nikavuta kimoja nione kama kimeshika. Kikatoka bila ubishi. Ule upande uliokuwa umezikwa ulikuwa mweusi na laini kama tende iliyosahaulika kwenye maji. Nikavuta cha pili, cha tatu, mwisho nikavuta vyote nikavitupa nyuma ya choo.

Mchanga ulikuwa safi, kivuli kilikuwepo, maji nilitia asubuhi na jioni, hata unga wa homoni ya mizizi nilinunua. Kitu ambacho sikuwahi kukipima ni joto la pale chini, mguuni mwa kipandikizi. Viriba vyangu, ile mifuko myeusi ya plastiki ya kuoteshea miche, nilivipanga kwenye sakafu ya saruji, karibu na ukuta unaotazama magharibi. Saa nane mchana nikachomeka kipimajoto kwenye kiriba kimojawapo kilichobaki na mchanga wake: nyuzi 39. Hewa ya pale kivulini ilikuwa 32. Yaani nilikuwa nachemsha shina polepole huku nikilimwagilia maji.

Huu ni mwongozo wa namna ninavyofanya sasa hapa Mikindani, na mtu wa Lindi mjini au Kilwa Masoko anaweza kuufuata bila kubadili kitu. Wa Newala na wa Rondo wana maneno yao mbele, maana huko juu kuna baridi na mambo hugeuka. Nazungumzia asumini kwa sababu ndiyo inayoulizwa kila wiki: arusi ikikaribia watu wanataka vikuba, yale mafungu ya maua yanayonukia wanayovaa wanawake, na mwenye mwasumini mmoja uani hana raha, kila mtu anabisha hodi. Ila njia ni ile ile kwa mforsadi, haibiskasi na bogenvilia.

Kwa nini mguu

Kipandikizi ni tawi lisilo na mizizi. Hakinywi, kinaishi kwa akiba iliyomo ndani ya shina na kwa unyevu wa hewa. Homoni inayotengenezwa kwenye ncha na majani machanga inashuka ndani ya shina mpaka inakwama pale ulipokata. Hapo kidonda kinajifunga, kinaota kinundu cheupe kama uji ulioganda ukingoni mwa sufuria, na karibu na hapo mizizi inaanza kusukuma nje.

Kazi hiyo ina joto lake. Kwa mimea mingi ya kwetu, chini kukiwa na nyuzi 22 hadi 27 mambo yanakwenda. Chini ya 18 kipandikizi kinalala tu. Hakifi, lakini hakifanyi kazi. Kati ya 27 na 30 bado kinakwenda ila inabidi uwe macho. Ukivuka 32 na kukaa huko mchana kutwa, unaanza kuhesabu hasara.

Sababu ni mbili na zinasaidiana kukuumiza. Kwanza, kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mmea kupumua huongezeka karibu maradufu, kwa hiyo ile akiba ndogo inaliwa kabla mizizi haijatoka. Pili, maji ya moto hayabebi hewa. Lita moja ya maji safi yenye nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 inashuka mpaka 7.5 hivi. Wakati shina linahitaji hewa zaidi, maji yanayolizunguka yana hewa kidogo, na vimelea vya kuozesha vinapenda hasa hali hiyo ya joto, maji na kukosa hewa. Ndiyo maana wale wanaoweka tawi kwenye glasi ya maji dirishani, kama wanavyoona kwenye simu, kwetu huku wanaishia na harufu ya chura. Ukitaka lazima glasi, ihifadhi ndani mahali pa baridi na ubadilishe maji kila siku.

Ukisoma maelekezo ya nchi za baridi utaambiwa ununue mkeka wa umeme wa kupasha chini ya trei. Wana haki yao. Chumba chao kina nyuzi 18, wanataka chini pawe 24. Sisi hewa yetu ina 31, tunataka chini pawe 25. Tunakwenda pale pale, ila tunapishana njiani, wao wakipanda sisi tukishuka. Na nikueleze ukweli, maelezo marefu kuliko yote niliyowahi kusoma kuhusu joto la mizizi ya vipandikizi yameandikwa na wakulima wa bangi wa Marekani na Kanada. Namba zao ni hizi hizi za 22 mpaka 25 na zaidi kidogo, maana tawi ni tawi. Hapa kwetu kulima bangi ni jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, kwa hiyo chukua namba, mmea waachie wenyewe.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujakata tawi

Tafuta kipimajoto chenye sindano ndefu, kile cha mapishi kinachochomwa kwenye nyama. Kinatosha kabisa. Kipimajoto cha homa usihangaike nacho, kimetengenezwa kwa mwili wa mtu. Ukikitia kwenye mchanga wa nyuzi 25 kitakuandikia kwamba joto liko chini mno na basi.

Jaza kiriba kimoja mchanga wenye unyevu, kiweke pale unapotaka kuoteshea, chomeka sindano kina cha vidole vitatu, maana huko ndiko mguu wa kipandikizi utakaa. Soma mara tatu: alfajiri, saa nane mchana, na baada ya magharibi. Fanya hivyo siku mbili, na moja iwe siku ya jua kali. Andika mahali, usitegemee kichwa.

Namba ya saa nane ndiyo inayoua, lakini usiidharau ya magharibi. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa na jua la jioni unaendelea kutoa joto mpaka saa tatu usiku. Viriba vyangu vya Novemba nadhani viliumizwa zaidi na ukuta kuliko na jua lenyewe.

Hatua ya pili: chagua mwezi

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, wakati mwingine Mei inaguswa. Wakati mzuri wa kukata ni mvua zinapokatika na kusi linapoanza kuvuma, yaani Mei mpaka Agosti. Mti umeshiba maji, matawi ya mwaka huu yamekomaa kiasi, na usiku unapoa. Oktoba na Novemba, kabla mvua haijashuka, ndiyo miezi mibaya kuliko yote: jua kali, hewa imetulia, mti wenyewe una kiu. Mimi nilianza Novemba kwa sababu mteja alikuwa na arusi Januari. Arusi haikungoja asumini, na asumini isingewahi hata kama ingeota, lakini hilo sikulijua.

Kuna jambo la kusi niliseme hapa hapa. Juni mpaka Septemba ndio wakati wakulima wanapulizia salfa mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Vumbi la njano linasafiri na upepo. Likitua kwenye majani machanga ya vipandikizi na jua likawa kali, majani yanaungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Kama jirani ana mikorosho, mwulize anapuliza lini, siku hiyo funika.

Hatua ya tatu: shimo

Hapa nikae kidogo, maana ndipo mabadiliko yote yalipotokea.

Baada ya hasara ile nilijaribu barafu. Kila mchana nilinunua chupa mbili za maji yaliyoganda, nikazilaza katikati ya viriba. Nilijiona mjanja. Kipimajoto kilishuka mpaka 15 karibu na chupa, na saa kumi jioni kilikuwa kimerudi 33. Kipandikizi kinachopelekwa Newala na kurudishwa Mtwara kila siku hakioti kitu. Na fedha ya barafu ilishapita bei ya miche.

Bibi wa nyumba ya nyuma, ambaye ndiye mfunga vikuba wa mtaa, alikuja kuniangalia nikipanga chupa zangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hizo chupa zina homa?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa kwenye kinu. "Sisi maji ya kunywa mtungi tunaufukia nusu mchangani ili yapoe. Wewe mche umeuanika juu ya saruji kama dagaa."

Nilikwenda kwake nikachomeka kipimajoto kwenye mchanga pembeni ya mtungi wake, kina cha mkono. Kilisoma 25 saa tisa mchana.

Maelezo yake si uchawi. Joto la mchana linachukua muda kuzama ardhini. Likifika kina cha sentimita 40 au 50 usiku umeshaingia, na baridi ya usiku nayo inachelewa vivyo hivyo. Kwa hiyo huko chini mchana na usiku havitofautiani sana, udongo unabaki karibu na wastani wa hewa ya msimu. Kwa pwani ya Mtwara wastani wa mwaka ni takriban nyuzi 26. Yaani lile joto ambalo wenzetu wanalilipia umeme, sisi tumelala juu yake.

Chimba hivi. Tafuta mahali penye kivuli cha mchana kutwa, chini ya mwembe ni pazuri, au upande wa mashariki wa nyumba ambako jua la saa nane halifiki. Shimo liende chini sentimita 45, upana mita moja ili ufikie katikati bila kukanyaga ndani, urefu kadiri ya miche unayotaka. Kuta za shimo ziwe wima. Chini mwaga kokoto au vipande vya matofali, tabaka la vidole vitatu, maji yapate pa kwenda. Juu ya kokoto tandika gunia kuukuu.

Panga viriba ndani vikigusana. Midomo ya viriba ikae chini ya usawa wa ardhi, si juu yake. Kisha, hili wengi wanalisahau, jaza mchanga wenye unyevu kwenye nafasi zote zilizobaki kati ya kiriba na kiriba, na kati ya viriba na ukuta wa shimo. Kiriba kilichozungukwa na hewa kitafuata joto la hewa. Kilichozungukwa na mchanga mbichi kinafuata ardhi.

Juu simamisha nguzo fupi nne, weka fito, ezeka makuti mepesi kwa kimo cha kifua ili upepo upite. Kama una neti ya kivuli ni sawa, lakini makuti hayapashi joto kama plastiki. Upande wa kusi, yaani kusini mashariki, weka kuti moja wima kuzuia upepo, la sivyo majani yatakauka hata kama miguu imepoa.

Siku niliyomaliza shimo langu la kwanza niliacha kiriba kimoja juu, kwenye ukingo, chini ya kivuli kile kile. Saa nane mchana cha juu kilisoma 33, cha ndani 27. Alfajiri cha juu 22, cha ndani 25. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye barafu.

Ila shimo lina adui mmoja naye ni masika. Mvua ya Januari ikishuka vizuri, kitalu kinakuwa bwawa la bata. Ukilazimika kuotesha wakati huo, toa viriba, viweke juu ya kichanja cha fito chenye paa, uvifungie gunia la katani lenye unyevu kuzunguka. Mawingu na mvua zitakusaidia kupoza.

Hatua ya nne: udongo wa kuchomekea

Usitumie udongo wa shamba, wala samadi. Kipandikizi hakina mdomo bado, chakula unachokiwekea kinaliwa na vimelea. Unachotaka ni kitu kinachoshika unyevu na kupitisha hewa. Mimi nachanganya ndoo mbili za mchanga wa mtoni, ule wenye punje kubwa, na ndoo moja ya vumbi la makumbi ya nazi. Mchanga wa ufukweni achana nao.

Makumbi yenyewe yana mtego. Huku pwani makumbi mengi yamepita kwenye maji ya bahari, hasa yale yaliyofukiwa ili kusokotwa kamba. Yamejaa chumvi. Ponda, loweka kwenye pipa usiku kucha, mwaga maji, rudia mara tatu. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Ukihisi chumvi, rudia. Hali kadhalika maji ya kumwagilia: visima vya karibu na bahari vingine vina chumvichumvi, na kipandikizi hakina subira nayo. Kinga maji ya mvua ukiweza.

Kama viriba vyeusi ndivyo pekee vilivyopo dukani, haidhuru, kwa kuwa vitafukiwa. Lakini kwa anayeotesha juu ya kichanja, kata viroba vyeupe vya unga ushone vifuko. Cheusi kinameza jua, cheupe kinalirudisha.

Hatua ya tano: kukata

Kata alfajiri, kabla jua halijaugusa mti. Chukua tawi la mwaka huu ambalo limeacha ukijani wa ncha lakini halijawa gamba. Jaribio langu ni kulikunja: likikunjika kama mrija bado changa mno, likivunjika kwa mlio limezeeka, likikataa kidogo kisha likavunjika ndilo. Unene uwe wa penseli au pungufu kidogo. Tawi lenye maua au vitumba liache, limeshaamua kutumia nguvu zake kwingine.

Urefu sentimita 12 mpaka 15, vifundo vitatu au vinne. Chini kata moja kwa moja chini ya kifundo, kwa wembe mpya au kisu kilichopitishwa kwenye moto. Mkasi butu unaponda shina, na shina lililopondwa linaoza hata kwenye nyuzi 24. Toa majani yote ya chini, bakisha mawili ya juu, na hayo mawili yakate nusu. Nusu hizo zinatosha kulisha, nyingine zingenyausha tu.

Vifunge kwenye kanga iliyolowa, viweke kivulini. Vichomekwe siku hiyo hiyo, kabla ya saa nne ikiwezekana.

Unga wa homoni unasaidia, hasa kwa bogenvilia ambayo ni kaidi. Kwa asumini si lazima. Ukiutumia, chovya mguu sentimita moja tu, kung'uta, na kamwe usichovye ndani ya kopo lenyewe. Mimina kidogo kwenye kifuniko na kinachobaki utupe. Kopo lililokaa dirishani dukani miezi na jua linalipiga, usilinunue. Mimi nilishauziwa la namna hiyo. Lilikuwa limegandamana kama sukari guru na halikufanya lolote.

Hatua ya sita: kuchomeka na kufunika

Toboa kwanza kwa kijiti. Ukisukuma kipandikizi chenyewe mchangani unakichubua pale pale mizizi inapotaka kutoka. Zamisha vifundo viwili, bonyeza mchanga kwa vidole viwili, mwagia mpaka maji yatoke chini.

Sasa unyevu wa juu. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, ikifunikwa juu ya kipandikizi, ni kibanda kizuri na hakina gharama. Lakini ni hatari pia. Chupa ikipigwa na jua dakika ishirini, ndani ni tanuri. Kama kivuli chako kina tundu moja ambalo jua la saa sita linapenya, lizibe au usitumie chupa. Ndani ya shimo mara nyingi huhitaji chupa kabisa, maana hewa ya shimoni ina unyevu wake. Mimi nalaza tu nailoni nyeupe juu ya fito za chini wiki mbili za mwanzo, naifungua alfajiri na jioni ipumue.

Maji

Hapa ndipo watu wanaharibu kazi nzuri. Tangi jeusi likikaa juani, maji ya kwanza ya bomba saa nane mchana yanaunguza kiganja. Ukiyamwaga kwenye viriba umefuta kazi yote ya shimo. Mwagilia alfajiri, kwa maji yaliyolala kivulini kwenye ndoo au mtungi. Mchana ukiona majani yamelegea, nyunyizia majani tu kwa chupa ya kupuliza, chini usiguse.

Kipimo cha unyevu: chukua mchanga wa kiriba, ubane kwenye ngumi. Ukidondosha maji, umezidisha. Ukimeguka wote, haujatosha. Ukishikana bila kudondosha, funga bomba uende kazini.

Kwa asiye na uwanja

Waliopanga vyumba, wasioruhusiwa hata kuchimba shimo la taka, watumie vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi. Kimoja kikubwa, kingine kinachoingia ndani na kuacha nafasi ya vidole viwili pembeni. Nafasi hiyo ijaze mchanga, ulowe muda wote. Chungu cha ndani tia mchanganyiko wako na vipandikizi. Maji yanapotoka kwenye ukuta wa chungu kama jasho na kukauka, yanaondoka na joto, kama mtungi wa bibi. Toboa chungu cha ndani chini, na chini yake weka kokoto.

Usitarajie miujiza. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na jasho halikauki haraka kwenye hewa iliyoshiba. Wakati wa kusi hewa inakuwa kavu zaidi na chungu kinapoza vizuri. Januari na Februari, wakati unakihitaji hasa, kinapoza nyuzi mbili au tatu tu. Weka barazani upepo unapopita, si chumbani kwenye kona.

Newala, Rondo na kwingine huko juu

Mteja mmoja wa Newala alinipigia simu Julai: vipandikizi vina wiki saba, vina afya, havina hata unywele wa mzizi. Nikamwambia apime alfajiri. Nyuzi 16. Huko usiku wa Julai unatafuta shuka la pili, na kipandikizi nacho kinajikunyata. Kwao maelekezo ya nchi za baridi yanaanza kuwa na maana, isipokuwa umeme hauna haja.

Chimba shimo kama la kwetu, ila liende chini zaidi ili viriba vipate nafasi, na chini badala ya kokoto shindilia samadi mbichi ya ng'ombe au mbuzi iliyochanganywa na nyasi kavu, unene wa sentimita 30, uilowanishe. Ndani ya siku chache itapata moto. Usiweke viriba bado, moto wa kwanza unaweza kuvuka 50. Ngoja siku kumi, upime joto lake, likishuka karibu na 30 weka tabaka la mchanga la sentimita 10 juu yake, kisha viriba. Pima mguuni: unataka 24 au 25. Ikizidi, ongeza mchanga chini. Yeye alipofanya hivyo, mizizi ilionekana baada ya wiki nne.

Kungoja

Asumini huchukua wiki nne mpaka sita. Mforsadi ni mwepesi, wiki tatu au nne, na mtu anayeanza namshauri ajifunzie huo. Haibiskasi ni wiki tatu mpaka tano. Bogenvilia wiki sita, nane, wakati mwingine anakataa tu. Rozimeri anaota vizuri lakini hapendi kufunikwa. Huyo mpe mchanga zaidi na hewa, bila nailoni.

Jani jipya si ushahidi. Vile 80 vyangu vingine vilikuwa na machipukizi, shina lilikuwa linatumia akiba ya mwisho. Usivute pia, ukivuta kila siku unakata unywele wa kwanza. Baada ya wiki ya nne shika kipandikizi kwa vidole viwili, kiinue kwa uzito wa karatasi. Kikikataa, kimeshika. Kikianza kuja, kirudishe bila kusema neno.

Kikiwa kimeoza, usikiache na wenzake. Toa kiriba kizima.

Kuhamisha

Mizizi ikifika urefu wa kidole, hamisha kwenye kiriba kikubwa chenye udongo wa kawaida, sehemu tatu za udongo wa juu kwa moja ya samadi iliyooza kabisa. Fanya jioni. Rudisha kiriba shimoni wiki moja, kisha kipandishe ukingoni siku tano, kisha kivuli chepesi, ndipo jua la asubuhi. Mche uliolelewa kwenye nyuzi 26 ukiutupa ghafla juani kwenye kiriba cheusi, utakufia mkononi na lawama utaipeleka kwa udongo. Hata ukishaupanda, tandaza nyasi au makumbi kuzunguka shina mwaka wa kwanza, uache nafasi ya vidole viwili yasiguse gome.

Shimo la mwaka jana lilinipa miche 63 kutoka vipandikizi 90. Bibi alichukua wa kwanza, hakutaka kulipa, akasema ushauri wake ulikuwa na bei. Akaupanda pembeni ya mtungi, pale kata inapodondosha maji.